Jumapili na Mjusi wa Lindi

Berlin Jumapili maduka hayafunguliwi. Wanafunzi wangu waliambiwa hivyo katikati ya wiki, wakaambiwa tena Ijumaa jioni, na bado asubuhi ya siku yetu ya mwisho niliwakuta baadhi yao wamejipanga mbele ya supamaketi jirani na hosteli, kila mmoja na mfuko wa chupa tupu za plastiki. Ujerumani chupa ya maji au soda ina amana yake, senti 25 za yuro. Unailipa unaponunua, unarudishiwa ukiipeleka chupa kwenye mashine ya dukani. Vijana waliijua siri hiyo mapema, na tangu hapo hakuna chupa iliyotupwa. Hesabu ya chokoleti za kupeleka nyumbani ilikwishapigwa. Sasa mlango umefungwa, taa zimezimwa, na mashine inaonekana kwa ndani kupitia kioo.

"Mwalimu, hawa watu hawapendi hela?" akauliza mmoja.

Kiongozi wa msafara, binti wa Moshi ambaye angeweza kuongoza kikosi, akawaambia wafanye kama wenyeji. Chupa zikapangwa kwa adabu chini ya pipa la taka la barabarani, maana wako watu wanaopita kuzikusanya na kuishi kwa senti hizo. Mchana tuliporudi haikuwapo hata moja.

Ratiba iliyochapishwa ilisema siku hiyo ni ya "mapumziko na manunuzi". Aliyeiandaa hakutazama kalenda. Hakuwa ametazama pia saa za makumbusho, kwa sababu Makumbusho ya Elimu Viumbe, yale ya mtaa wa Invalidenstraße, alikuwa ameyapangia Jumatatu, siku ambayo hufungwa. Basi wiki nzima tulizunguka mji. Tulisimama Wilhelmstraße, mahali yalipokuwa makazi ya Kansela Bismarck, ambamo kuanzia Novemba 1884 hadi Februari 1885 wakubwa wa Ulaya waliketi kupangiana taratibu za kuigawana Afrika. Siku hizi pana bango la maelezo, na watu wanapita na mbwa wao. Tulikwenda pia mtaa wa Wedding, ambako barabara iliyopewa jina la mkoloni Carl Peters ilibadilishwa jina mwaka 2024 na kipande chake kimoja sasa kinaitwa Maji-Maji-Allee. Kila mwanafunzi alipiga picha chini ya kibao hicho. Kijana wetu wa Songea alipiga za kutosha kujaza albamu. Lakini mjusi wa makumbusho yale hatukumwona.

"Mwalimu," akasema binti wa Lindi, aliyekuwa kimya karibu safari nzima, "mimi nikirudi nyumbani bila kumwona yule mjusi, baba hatanielewa."

Ndege ilikuwa ya usiku. Tukaburuta masanduku hadi stoo ya hosteli, tukavaa makoti yetu, tukashuka kwenye treni ya chini ya ardhi.

Niseme kidogo kuhusu makoti. Ilikuwa Oktoba, na karibu yote yalinunuliwa mitumbani Karume kabla ya safari. La kijana mmoja lilikuwa na lebo ya Kijerumani shingoni, na ndani ya mfuko tiketi ya basi iliyofifia. Wenzake walimshauri alitembeze koti polepole, likikutana na mwenyewe njiani lisije likamkimbilia.

Ukumbi wa kwanza wa makumbusho yale haukuachii muda wa kujiandaa. Unakata tiketi, unapita mlango, na mjusi yuko mbele yako. Kisayansi anaitwa Giraffatitan brancai. Kitabu cha shule kilichonisomesha kilimwita Brachiosaurus, jina alilopewa na Werner Janensch mwaka 1914. Huku kwetu, kuanzia baraza za Lindi hadi Bungeni Dodoma, ni mjusi tu. Urefu wake kutoka sakafuni hadi utosini ni mita 13.27, na hakuna mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa popote duniani inayompita kwa kwenda juu. Aliishi miaka milioni 150 iliyopita. Amesimama Berlin tangu 1937. Ukisimama chini ya kifua chake na kuinua macho, shingo inakuwa ndefu kiasi kwamba kichwa unakitafuta.

Wanafunzi walinyamaza, jambo ambalo sikuwahi kulishuhudia darasani. Halafu kijana wa Songea akasoma bango la maelezo na kurudi mbio.

"Shingo si yenyewe! Wameweka za kuigiza!"

Ni kweli. Pingili halisi za shingo na mgongo ni nzito mno na dhaifu mno kutundikwa juu ya vichwa vya watu, kwa hiyo zilizopo hapo juu ni za kutengenezwa. Fuvu nalo ni nakala. Na mifupa iliyo halisi haikutoka kwa mnyama mmoja. Imejazwa kutoka kwa kadhaa ili kumkamilisha. Niliwaeleza kwamba hilo ni la kawaida katika makumbusho mengi, wala si ulaghai. Kijana akatikisa kichwa. "Kwa hiyo hata wakiturudishia, Mwalimu, tuhakiki kwanza tunarudishiwa kipi."

Hapo ndipo somo lilipoanza, bila mimi kulipanga.

Hadithi ya kilima cha Tendaguru, kilomita kama 60 kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi, husimuliwa hivi: mwaka 1906 mhandisi wa Kijerumani, Bernhard Sattler, akitafuta madini, aliona mfupa mkubwa umejitokeza njiani. Mwaka uliofuata akaja profesa Eberhard Fraas kuthibitisha. Kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin yakatuma wachimbaji, wakiongozwa kwanza na Janensch na Edwin Hennig. Nilipofika hapo binti wa Lindi alinikatiza kwa upole.

"Samahani Mwalimu. Huyo Sattler alikuwa anatembea peke yake mle porini? Njia alionyeshwa na nani?"

Swali zuri, na jibu lake wala halina utata kwa anayelijua pori la kusini: mgeni hapiti mle bila mwenyeji. Turudi pia kwenye miaka yenyewe. Vita vya Majimaji vilianza Julai 1905, vikaisha 1907. Wajerumani waliteketeza mashamba na maghala ili njaa imalizie kazi ya bunduki, na idadi ya waliokufa hukadiriwa kufikia 300,000. Kusini ilikuwa imebaki mahame. Miaka miwili baadaye linatokea kundi la wazungu wanaotaka mifupa na wanaolipa kwa rupia, na kodi ya serikali nayo inadaiwa kwa rupia. Mamia ya watu walikwenda Tendaguru na majembe yao, wake zao na watoto wao, kilima kikawa kijiji. Kibarua kile walikipokea, lakini sijui ni nani angethubutu kusema walikuwa na uhuru wa kukikataa.

Wapagazi ndio walionishika mimi zaidi. Kulikuwa hakuna barabara, hakuna reli, na mbung'o walikuwa hawaachi mnyama wa mizigo. Kwa hiyo zaidi ya tani 200 za mawe na mifupa zilikwenda Lindi juu ya vichwa na mabega, mwendo wa siku nne kwenda. Mzigo wa kawaida wa mpagazi wa zama zile ulikuwa pungufu kidogo ya frasila mbili. Mfupa uliozidi hapo ulikatwa vipande au ukachukuliwa na kundi. Bandarini mizigo ikafungwa kwenye makasha na kupakiwa melini. Mifupa iliyokuwa rahisi kuvunjika ilifungwa kwa vijiti vya mianzi iliyokatwa palepale, kama mtu anavyofungwa gango mguuni, na katika stoo za makumbusho hayo bado kuna vifurushi vya mianzi ambavyo havijafunguliwa hadi leo. Karne nzima imepita na mzigo haujafunguliwa! Wanafunzi walidhani natania.

Mnyapara mkuu wa machimbo aliitwa Boheti bin Amrani. Huyu hakuwa mbeba mawe. Alijifunza kuutambua mfupa ndani ya udongo, kuuchimbua bila kuuvunja, kuutayarisha kwa safari, na wazungu walipokuwa wagonjwa au wako mbali kazi ilisonga chini yake. Jina lake limo katika maandishi ya msafara ule, na yuko katika picha. Muda mrefu halikuwa na mahali pengine.

Nikawaonyesha wanafunzi jinsi majina yalivyogawanywa. Wilhelm Branca, mkurugenzi aliyechangisha fedha za msafara, alipewa jitu lenyewe: brancai. Janensch ana dinosaria wake, Janenschia. Boheti alikumbukwa mwaka 2007, mtaalamu mmoja wa Kijerumani alipochunguza upya mifupa ya stoo na kutambua aina mpya, akaiita Australodocus bohetii. Mwaka 2019 ikaja nyingine, Wamweracaudia keranjei, kwa heshima ya Wamwera na ya mnyapara mwingine, Mohammadi Keranje. Binti wa Lindi ni Mmwera. Alifurahi kweli, akaandika jina lote kwenye simu yake, kisha akataka kujua mnyama huyo ana ukubwa gani.

Ilibidi nimwambie ukweli: anajulikana kwa pingili za mkia. Na yule wa Boheti anajulikana kwa pingili mbili za shingo.

"Yaani Branca kapewa mjusi mzima," akasema kijana wa Songea, "Boheti shingo, na Wamwera mkia."

Walicheka hadi mlinzi akatugeukia. Hata mimi nilicheka, ingawa sijui kama kuna muhtasari bora zaidi wa somo langu la muhula mzima.

Tulikuwa bado chini ya mjusi alipokuja mzee wa Kijerumani na mjukuu wa kiume, labda wa miaka saba. Mzee alituuliza kwa Kiingereza tumetoka wapi. Binti wa Lindi akanyoosha kidole juu, kwenye mbavu. "Alikotoka huyu." Mzee hakuelewa mara moja. Mtoto ndiye aliyeelewa. Akasema "Tendaguru!" kwa matamshi safi kabisa, akaanza kutaja: Kentrosaurus, Dicraeosaurus, Elaphrosaurus, akituonyesha kila mmoja aliposimama katika ukumbi, wote wa kutoka kilima kilekile. Binti akamfuata mtoto yule ukumbi mzima, mwanafunzi wa chuo kikuu nyuma ya mtoto wa shule ya msingi, akisikiliza habari za nyumbani kwao.

Alirudi amebadilika sura. "Mimi nimesoma Lindi mpaka kidato cha sita, Mwalimu. Tendaguru sijawahi kufika. Darasani kwetu hakuna aliyewahi kufika."

Mjadala ukawaka palepale, kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo kwetu ni ya kawaida na kule ni ya ugomvi. Suala la kumrudisha mjusi limeulizwa Bungeni zaidi ya mara moja, na kila mwanafunzi alikuwa na upande. Kijana wa Songea hakutaka maneno mengi: mali iliyochukuliwa kwa mtutu inarudi ilikotoka, gharama ni juu ya aliyechukua. Alikumbusha kwamba Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alikwenda Songea mwenyewe akaomba msamaha kwa waliyotendewa wahenga wa Majimaji. Msamaha usiofuatwa na kitu, alisema, ni hotuba. Binti wa Moshi akamuuliza angemweka wapi mjusi wa mita 13, na nani angeitunza mifupa na unyevu wa pwani. Mwingine akasema bora tudai sehemu ya kiingilio. Mwingine akasema tudai wataalamu: Watanzania wasomeshwe elimu ya visukuku, wawe wao wanaofungua ile mianzi.

Mimi nina upande wangu na sikuuficha. Naona ugomvi wa mjusi mmoja umetunyima nafasi ya kuulizana mambo makubwa kuliko yeye. Kilima kipo. Mawe yake bado yana mifupa; Waingereza walikwenda nao kuchimba kuanzia 1924, wakakaa hadi 1931. Ni Watanzania wangapi wanaoweza leo kuusoma mfupa kama Boheti alivyousoma? Kijana wa Songea alinisikiliza kwa heshima yote, kisha akasema, "Mwalimu, hayo ni mambo mawili. Usitufanye tuchague." Sikuwa na jibu la haraka, na bado nalitafuta.

Vyumba vingine tulivipita kwa kasi. Kuna chumba chenye mwanga hafifu anakolala Archaeopteryx, ndege wa kale mwenye meno, ambaye wenyewe wanamthamini kuliko mjusi. Vijana walimpa dakika moja. Njaa ilikuwa imeshika.

Tukatembea Invalidenstraße yote kwenda mashariki, tukakunja kulia kuingia Brunnenstraße kuelekea Rosenthaler Platz. Nilitaka waone kitu kimoja kabla ya chakula. Mbele ya nyumba namba 193, ndani ya mawe ya njia ya miguu, kuna kibao cha shaba cha sentimita 10 kwa 10. Ni kimoja kati ya zaidi ya 100,000 vilivyopandwa Ulaya na msanii Gunter Demnig mbele ya nyumba za watu waliouawa au kuteswa na Wanazi. Hiki ni cha mtu wa Dar es Salaam.

Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar mwaka 1904, mtoto wa askari. Akiwa bado mdogo aliingizwa katika jeshi la Wajerumani la Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mshahara wa baba yake na wake mwenyewe ambao haukuwahi kulipwa. Hawakumlipa. Akabaki, akafanya kazi ya uhudumu wa mkahawa, akaoa Mjerumani, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza katika filamu nyingi kama yule Mwafrika wa nyuma ya bwana mkubwa. Filamu yake ya mwisho, ya 1941, ilimtukuza Carl Peters, huyohuyo ambaye jina lake tuliona limeondolewa barabarani kule Wedding. Mwaka huohuo alikamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kizungu, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen kaskazini mwa Berlin bila kupelekwa mahakamani. Alifia huko tarehe 24 Novemba 1944.

Kibao kilikuwa kimefunikwa na majani makavu. Kijana mwenye koti la Kijerumani alichuchumaa, akayafagia kwa kiganja, akatema mate kwenye kitambaa na kusugua shaba mpaka herufi zikang'aa. Mama aliyekuwa anapita na baiskeli alisimama akatuangalia, akaona tunachofanya, akainamisha kichwa kidogo na kuendelea. Mmoja wetu akasoma Fatiha. Wasiokuwa Waislamu walisimama tu. Halafu tukaulizana, kama Waswahili wanavyoulizana, huyu marehemu alikuwa wa mtaa gani Dar, na kama ana ndugu.

Manunuzi yakafanyika hatimaye. Mwendo mfupi kutoka hapo, kwenye bustani ya Mauerpark, palipopita ukuta uliougawa mji, kila Jumapili kuna gulio kubwa la vitu vilivyotumika. Vijana waliingia kwa shangwe, wakatoka wamenuna. Walikuta mitumba ileile ya Karume, mashati yaleyale, jinzi zilezile, kwa bei mara kumi, na muuzaji hapunguzi hata umwitie mama mkwe. Mmoja alijaribu kuuza koti lake. Akapewa yuro 15, faida nzuri tu juu ya alichotoa Karume, lakini baridi ikamshauri vinginevyo. Chokoleti tulizipata stesheni kuu, ambako maduka hufunguliwa hata Jumapili, kwa bei inayojua kwamba huna pa kwenda.

Uwanja wa ndege ulikuwa na foleni ndefu na mizani isiyo na huruma. Kila mtu kilo 23. Sanduku la binti wa Lindi likasoma 26, kwa sababu ya vitabu vya makumbusho alivyonunua kwa posho yote iliyobaki, vya Kijerumani ambacho hakijui. Alipangua begi mbele ya watu. Kijana wa Songea akapokea vitabu viwili, binti wa Moshi kimoja, akimkumbusha kwamba Dar atavidai kodi ya ushuru.

Baada ya ukaguzi, tukisubiri kuitwa, binti wa Lindi alimpigia baba yake kwa video. Huko Lindi ilikuwa usiku. Alimwonyesha picha moja baada ya nyingine: miguu, mbavu, kile kichwa cha juu kabisa. Mzee alizitazama zote kwa utulivu. Akauliza kama amekula. Akauliza kama huko kuna baridi. Kisha akauliza swali ambalo binti alishindwa, akanipa mimi simu nijibu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Nauliza hivi, hao waliowapokea huko, mmewaambia kwamba mvua zikinyesha Tendaguru hapafikiki?"

Nikamwambia hatukuwaambia.

"Basi waandikieni," akasema. "Wao wana anwani yetu tangu zamani."

Binti alikwishafungua daftari. Alikuwa anauliza kama barua ya namna hiyo huelekezwa kwa mkurugenzi wa makumbusho au kwa ubalozi, na kijana wa Songea alikuwa anamwambia iende kote kuwili, nakala kwa mbunge wa jimbo, walipotangaza safari yetu na foleni ikaanza kusogea.